Saa ya Jambiani Haisogei, ya Frankfurt Inasogea

"Kaka, mgeni wa Roma anaingia Jumamosi saa tisa usiku."

Ujumbe kama huu hutoka mapokezi ya nyumba za wageni za Jambiani kwenda kwa madereva, na kila anayeusoma hudhani ameuelewa. Dereva mmoja atakuwepo uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume usiku wa kuamkia Jumamosi, saa 03:00. Mwengine atalala Ijumaa, Jumamosi atakwenda zake sokoni, na usiku wake ndipo atakapowasha gari. Mgeni keshafika tangu jana. Wa tatu ataanza kujiuliza kama dada wa mapokezi alisoma "9 PM" kwenye tiketi akaandika saa tisa badala ya saa tatu. Sentensi moja, safari tatu.

Binadamu ana namna ya kujinasua: anapiga simu. Kanzidata haipigi simu. Ikiandikiwa saa bila kuambiwa ni saa ya wapi, huipokea hivyo hivyo na kunyamaza, na kosa hujitokeza miezi mitano baadaye kwenye hesabu, pale ambapo hakuna tena anayekumbuka usiku ule ulikuwaje. Makala haya ni ya wenye nyumba za wageni, skuli za kaiti, mikahawa na maduka ya pwani ya mashariki ya Unguja ambao madaftari yao sasa yamo ndani ya kompyuta, na ya vijana wanaowatengenezea programu hizo.

Tanzania nzima iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya dunia ambayo wazee waliijua kama saa ya Greenwich, na haibadiliki Januari wala Julai. Sababu ni jua lenyewe. Jambiani iko nyuzi sita hivi kusini ya ikweta. Mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote hupishana kwa kiasi cha dakika 40 tu. Kwa London tofauti hiyo inapindukia saa nane. Ndiyo maana Waswahili waliweza kuanza kuhesabu saa zao jua linapochomoza na linapozama, na hesabu isiyumbe mwaka mzima. Na ndiyo maana Ulaya wanasogeza saa mbele kila kiangazi ili mwangaza wa jioni usiwapotee, jambo ambalo huku halina maana yoyote.

Hiyo ni neema, na mtego umo humo humo. Kijana aliyekulia Unguja hajawahi kuamka akaambiwa saa zimerudi nyuma usiku. Anaijaribu programu yake Mjini, kwenye kompyuta ya Mjini, inakwenda. Anaijaribu Juni, anaijaribu Disemba, inakwenda. Kisha anaipandisha kwenye seva ya kukodi iliyoko Frankfurt au London. Seva nyingi za siku hizi huja zimewekwa kwenye UTC, lakini wapo wauzaji wanaoziweka kwenye saa za mji wao, na mteja wa mbali hata haulizi.

Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza hubadilisha saa kwa pamoja, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa 01:00 ya UTC. Kwa Jambiani hiyo ni saa kumi alfajiri. Roma na Frankfurt ziko nyuma ya Jambiani kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. London ni saa mbili, kisha tatu. Marekani wana ratiba yao wenyewe, Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo New York huwa nyuma saa saba au nane, na kila Machi kuna majuma mawili au matatu ambapo Marekani imeshasogea na Ulaya bado. Maskati, waliko ndugu wa Wazanzibari wengi, haisumbui mtu: iko mbele saa moja, mwaka mzima.

Tuchukue usiku mmoja wa kweli, wa kuamkia Jumapili tarehe 26 Oktoba 2025, na nyumba ya wageni ya kubuni yenye seva inayoandika saa za Frankfurt. Saa tisa na dakika 50 usiku mgeni anashuka garini, analipa chumba pamoja na usafiri. Programu inapiga muhuri: 02:50. Dada wa mapokezi anahesabu noti tena, anakuta zimezidi, anarejesha dola 10. Sasa Jambiani ni saa kumi na dakika tano. Lakini ilipotimu saa kumi kamili ya Jambiani, saa za Frankfurt zilikuwa zinafika 03:00, zikarudishwa 02:00. Muhuri wa marejesho unasomeka 02:05. Mwisho wa mwezi mhasibu anapanga mistari kwa saa na kuona mtu amerejeshewa pesa dakika 45 kabla ya kuzilipa. Kwa mhasibu hicho si kichekesho. Ni dalili ya wizi.

Machi mambo hugeuka. Saa ya kuanzia 02:00 hadi 03:00 haipo kabisa siku ile, na kazi iliyopangwa kufanywa na seva saa 02:30, tuseme kutoa nakala ya akiba ya kanzidata, inaweza kurukwa au kufanyika wakati mwengine kutegemea programu inayoiendesha. Mwenye kuumia kimya kimya, hata hivyo, ni mlinzi wa usiku. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mihuri ya Frankfurt, usiku ule wa Oktoba ameingia 17:00 na kutoka 04:00: saa 11. Usiku wa Machi ameingia 16:00 na kutoka 05:00: saa 13. Ikiwa malipo ni ya saa, Oktoba amepunjwa bila mtu yeyote kukusudia.

Dawa ya hayo yote ni moja. Kila jambo lililokwisha kutokea, liwe malipo, mgeni kuingia, mlango kufunguliwa au ujumbe kutumwa, lihifadhiwe kwa UTC, na lionyeshwe kwa saa za Jambiani pale tu linapofika machoni pa mtu. UTC haina kiangazi. Kwenye PostgreSQL aina ya safu inayofaa ni timestamptz. Ile ya timestamp tupu huandika ilichoambiwa bila kujali ni saa ya wapi. MySQL ina tabia zake: TIMESTAMP hubadilishwa kwenda UTC inapoingia na kurudishwa inapotoka, DATETIME haiguswi. Aliyechanganya mbili hizo kwenye jedwali moja, kisha akabadilisha ukanda wa saa wa seva, atakuta safu moja imesogea na jirani yake imekaa palepale. Tena TIMESTAMP ya MySQL ina mwisho wake: tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 ya UTC, yaani saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa Jambiani. Mwenye mkataba wa kiwanja wa miaka 33 akijaribu kuweka tarehe ya mwisho humo, haitoingia.

UTC nayo ina kosa lake moja ambalo watu huliangukia mara tu wanapojiona wameshapona. Siku ya Jambiani huanza saa 21:00 ya UTC. Ripoti ya mauzo ikipangwa kwa tarehe za UTC, kila kinachouzwa baa ya ufukweni kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kinahesabiwa jana. Kwa usiku wa kawaida hakuna atakayegundua. Kwa usiku wa kuamkia Januari mosi, baa ikiwa imejaa tele, mauzo ya saa tatu nzima yanahama kutoka mwaka mpya kwenda mwaka wa zamani, na hesabu ya kodi inakwenda nayo. Kwa hiyo kuhifadhi kwa UTC, ndiyo. Kukata siku na mwezi kwa UTC, hapana. Kwanza igeuze saa iwe ya hapa, ndipo ukate siku.

Mambo yajayo ni habari nyengine, na hapa ndipo wataalamu wengi hutoa ushauri nusu. Wanasema: weka kila kitu kwa UTC. Si kweli. Kila miadi ina mwenyewe, na mwenyewe ni saa ya mahali fulani. Nyumba ya wageni ikiwa na mazungumzo ya simu na wakala wa Milano kila Jumanne saa 10:00 ya Milano, mwenye miadi ni Milano. Ikigeuzwa Septemba na kuhifadhiwa kuwa 08:00 ya UTC, basi Novemba programu itamwita wakala saa 09:00, naye yuko njiani kazini. Miadi ile ihifadhiwe kama ilivyotamkwa: saa 10:00, ukanda wa Europe/Rome. Hesabu ya UTC ifanywe siku inapokaribia.

Sababu nyengine ya kufanya hivyo ni serikali. Saa za nchi ni amri, na amri hubadilika. Sudan ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Novemba 2017. Sudan Kusini, ambayo saa zake zililingana na za Tanzania, ikafanya vivyo hivyo tarehe 1 Februari 2021, na orodha ya kimataifa ya kanda za saa inayotegemewa na kompyuta na simu ilipata toleo lenye badiliko hilo wiki moja tu kabla. Kampuni ya Dar es Salaam au Nairobi iliyokuwa imeshageuza miadi ya Juba ya Februari kuwa UTC ilijikuta imewaita watu saa nzima mapema. Misri ilirejesha saa za kiangazi Aprili 2023 baada ya miaka kadhaa bila hizo. Sasa Cairo na Zanzibar zinalingana kiangazi na kupishana saa moja wakati wa baridi. Lebanon, Machi ya mwaka huo huo, iliwatia watu wazimu: waziri mkuu Najib Mikati alitangaza siku chache tu kabla kuwa kusogeza saa kutangoja Ramadhani iishe, makanisa na vyombo vya habari kadhaa vikakataa, na kwa siku chache Beirut ikawa na saa mbili mpaka baraza la mawaziri lilipoitengua amri ile.

Orodha hiyo ya kanda ndiyo inayofaa kutumiwa, kwa majina yake na si kwa tarakimu. Ukiandika "+1" kwa Roma umeandika ukweli wa nusu mwaka. Ukiandika Europe/Rome umeandika Roma pamoja na kanuni zake. Vifupisho vya herufi tatu navyo viachwe: IST ni India kwa mmoja, Israel kwa mwengine na Ireland kwa wa tatu. Anayetafuta Africa/Zanzibar hatoiona, na asilipeleke jambo hili kwenye siasa. Orodha huunganisha sehemu ambazo saa zake zimelingana tangu 1970, na hata Africa/Dar_es_Salaam siku hizi ni jina la pili la Africa/Nairobi. Andika Africa/Dar_es_Salaam, inatosha. Ila orodha yenyewe lazima isasishwe. Ile kompyuta ya mapokezi iliyofungwa masasisho tangu ilipotolewa boksini haijui lolote kuhusu Cairo ya 2023.

Jambiani kuna miadi mingine ambayo mwenyewe si serikali wala Milano. Ni bahari.

Akina mama wa mwani wanalijua hili kuliko mtunga programu yeyote. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo kazi yao imefuata bamvua, pale maji yanapokupwa mbali mpaka mashamba yakabaki wazi. Hawahitaji seva. Lakini skuli ya kaiti na mwenye ngalawa anayewapeleka wageni mwambani siku hizi huvuta jedwali la maji kutoka kwenye intaneti na kuliingiza kwenye programu ya bukingi, na majedwali mengi ya namna hiyo huandikwa kwa UTC. Kutoka maji kukupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika 12 hivi. Programu ikikosa saa tatu, imekosa nusu ya safari ya maji: pale skrini inaposema maji yamekupwa na sasa yanarudi, ngalawa bado iko katikati ya maji kutoka, na ikichelewa kidogo kugeuza italala mchangani na wageni watarudi kwa miguu wakikanyaga mawe. Anayeingiza jedwali hilo aangalie kwanza limeandikwa kwa saa za wapi. Kisha atoke nje alilinganishe na bahari siku mbili tatu. Jaribio hilo halina gharama, na hakuna kanzidata duniani yenye shahidi wa karibu namna hii.

Zipo tarehe ambazo hazina saa kabisa, na kuzipa saa ni kuzitia ugonjwa. Mapinduzi ni tarehe 12 Januari, popote alipo Mzanzibari. Programu ya kalenda inayoihifadhi sikukuu hiyo kama saa sita usiku ya Zanzibar imehifadhi, kwa UTC, saa 21:00 ya tarehe 11. Jamaa aliyeko London ataiona siku moja kabla. Tarehe za kuzaliwa hupata mkasa huo huo. Na mkasa huo una upande wa pili ambao Zanzibar hauonekani. Lugha ya JavaScript ikisoma "2026-07-23" peke yake, huichukua kuwa saa sita usiku ya UTC. Kwa Jambiani hiyo ni saa tisa usiku ya tarehe hiyo hiyo, kwa hiyo kijana aliyetengeneza ukurasa wa bukingi anaiona sawa kabisa. Mgeni wa Chicago anayekuja kuangalia Mwaka Kogwa huko Makunduchi, jirani na Jambiani, anaonyeshwa tarehe 22. Anakuja siku moja mapema, chumba kina mtu. Kosa hili hutokea kwa walio nyuma ya Greenwich tu, na aliye mbele ya Greenwich anaweza kuapa kwamba halipo. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zihifadhiwe kama tarehe tupu, kwa aina ya DATE, bila saa.

Turudi kwa dereva. Saa za Kiswahili zisiingie kwenye kanzidata hata kidogo. 15:00 ikiandikwa 9 imeshapotea. Lakini zisifukuzwe kwenye skrini wala kwenye ujumbe, kwa sababu ndizo saa ambazo watu wanaamkia na kulalia. Programu ihifadhi miadi hiyo kwa saa 03:00, ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam, na imtumie dereva maneno kama haya: "Jumamosi 15 Novemba 2025, 03:00, saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi." Hilo "kuamkia" lina kazi kubwa. Kwa wazee wa Unguja siku mpya huingia na magharibi, na usiku wa Jumamosi kwao ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Kwa vijana wengi ni ule unaofuata mchana wa Jumamosi. Neno "kuamkia" linawapatanisha wote wawili, na kompyuta inaweza kufundishwa kuliandika.

Na aliyekwisha kuharibikiwa? Asikimbilie kuongeza saa mbili kwenye kila mstari. Kwanza atoe nakala ya kila kitu. Pili aulize seva ilikuwa kwenye ukanda gani tangu lini, na kama iliwahi kuhamishwa. Mwenye seva huwa na majibu. Mistari ya Frankfurt ya kiangazi inataka saa moja kufika Jambiani, ya baridi inataka mbili, kwa hiyo ugeuzaji ufanywe kwa jina la ukanda, mfano Europe/Berlin, ili mashine yenyewe ichague. Matokeo yawekwe kwenye safu mpya na ile ya zamani iachwe ilivyo. Inabaki ile saa moja ya Oktoba iliyojirudia, ambayo jina la ukanda peke yake haliwezi kuitatua. Hapo zitazamwe namba za mistari: malipo yakiwa mstari wa 8412 na marejesho 8413, mfuatano umejulikana, saa isome inavyosoma. Palipobaki shaka, simu ya mapokezi ina ujumbe wa malipo ya simu ulioingia usiku ule, na ujumbe huo umeandikwa kwa saa za hapa.

Anayenunua programu mpya anaweza kumpa mtengenezaji jaribio dogo kabla ya kumlipa. Aiweke nakala ya programu kwenye ukanda wa Europe/Berlin, aingize malipo ya saa 00:50 na marejesho ya saa 01:05, zote za UTC, tarehe 25 Oktoba 2026, ambayo ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, kisha afungue ripoti ya siku kwa saa za Jambiani. Inatakiwa isome 03:50 malipo, 04:05 marejesho, kwa mpangilio huo. Na kwa nyumba ya wageni ambayo tayari ina programu na haijui ndani yake kuna nini, usiku wa kubadilisha saa unaofuata, uwe wa Machi au wa Oktoba, dada wa mapokezi aweke daftari la mistari mezani kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, aandike kwa kalamu kila anachoingiza kwenye kompyuta pamoja na saa iliyoko ukutani. Asubuhi, chai ikiwa mezani, mwenye nyumba afungue daftari na ripoti, avisome pamoja mstari kwa mstari.